Tathmini ya kihisi cha sukari cha kuvaa mkononi: kinamfaa kiasi gani anayetaka kujua hasira na hofu zinamfanyia nini?

Watu wenye kisukari huulizwa mara kwa mara wamekula nini, wametumia dawa saa ngapi na wametembea kiasi gani, lakini ni nadra kuulizwa ni nani aliyewaudhi siku hiyo. Hata hivyo, karibu kila mmoja wetu anaifahamu siku ambayo mlo haukubadilika, dozi haikubadilika, na bado sukari ilipanda na kukaa juu hadi usiku kwa sababu ya ugomvi, hofu ya majibu ya vipimo au habari mbaya iliyoingia ghafla. Tone la damu la kidoleni haliwezi kusimulia kisa hicho, kwa kuwa linatoa namba ya dakika moja tu. Kihisi cha kuvaa mkononi, ambacho hupima usiku na mchana bila kumchoma mtu kidole kila mara, kimeleta matumaini kwamba sasa tutayaona kwa macho yale tuliyokuwa tukiyashuku. Tathmini hii inakipima kifaa hicho kwa swali hilo hasa: je, kinamsaidia mgonjwa kuelewa jinsi hisia zake na hulka yake zinavyoigusa sukari yake? Sitaji kampuni yoyote, kwa sababu sifa na kasoro ninazozieleza zinapatikana, kwa viwango tofauti, katika vifaa karibu vyote vya aina hii.

Kwa asiyekijua, kihisi ni kidude kidogo cha duara kinachobandikwa nyuma ya mkono, juu ya kiwiko, kikiwa na uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Uzi huo haugusi mshipa wa damu. Unapima sukari iliyomo katika majimaji yanayozunguka seli, kisha kifaa hutuma kipimo kwenye simu kila baada ya dakika moja hadi tano, kutegemea aina yake. Vingi huvaliwa kwa siku 10 hadi 15 kabla ya kubadilishwa. Kwenye simu mtumiaji huona mambo matatu: namba ya wakati huo, mshale unaoonyesha kama sukari inapanda, inashuka au imetulia, na mchoro wa saa zilizopita. Kukibandika hakuumi kama watu wanavyodhani, na baada ya siku ya kwanza wengi husahau kwamba wamekivaa, ila wanapokikwaruza kwenye fremu ya mlango. Juu ya hayo sina la kuongeza. Maelezo ya ndani ya boksi yanatosha.

Ili kujua kama kifaa kimefanya kazi yake, ni lazima kwanza tujue kinatakiwa kuona nini. Wazo kwamba huzuni na hofu vinahusiana na kisukari si geni hata kidogo. Thomas Willis, daktari wa Uingereza wa karne ya 17, aliyeandika juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa wa kisukari, alihusisha ugonjwa huo na huzuni ya muda mrefu. Mwaka 1849 Claude Bernard wa Ufaransa alidunga sehemu ya chini ya ubongo wa sungura na kuona sukari ikitokea kwenye mkojo wake, jambo lililodokeza kwamba mfumo wa neva una usemi katika kiasi cha sukari mwilini. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20, Walter Cannon na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walionyesha kwamba paka aliyetishwa huanza kutoa sukari kwenye mkojo. Walipowapima wachezaji 25 wa futiboli ya Kimarekani baada ya mechi kali ya mwisho wa msimu, 12 kati yao walikutwa na sukari kwenye mkojo, na watano miongoni mwa hao 12 walikuwa wachezaji wa akiba ambao hawakuingia uwanjani kabisa. Hao watano ndio wanaonivutia zaidi katika habari yote hii, maana hawakukimbia wala hawakusukumana na mtu. Walikaa pembeni na kuhangaika moyoni, na miili yao ikafanya kama iliyocheza.

Utaratibu wenyewe leo unafahamika vizuri. Mtu anapoogopa au kukasirika, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini, na ini hupokea amri ya kuvunja akiba yake ya glaikojeni na kuitoa kama glukosi, yaani sukari ya damu. Adrenalini hiyohiyo huizuia kongosho isitoe insulini kwa wingi, na wakati huohuo hufanya misuli ipokee sukari kwa uvivu zaidi. Hayo ni ya dakika chache. Mfadhaiko ukiendelea, kotisoli, homoni nyingine ya mfadhaiko, huingia kazini, na yenyewe haina haraka: hulihimiza ini litengeneze sukari mpya kutokana na protini, na huufanya mwili uwe mgumu kuitikia insulini kwa saa nyingi. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho huongeza insulini na mambo hurudi kwenye mstari bila yeye kujua. Kwa mwenye kisukari, nyongeza hiyo haipo au haitoshi, na sukari iliyotolewa kwa ajili ya kupigana au kukimbia hubaki kwenye damu ya mtu aliyeketi kwenye kiti.

Katika kuonyesha jambo hili kihisi kinastahili sifa. Katika michoro yangu mwenyewe, mimi nikiwa mtumiaji wa insulini, mpando wa hasira na mpando wa chakula havina sura moja. Wa chakula huanza kwa utulivu, hufikia kilele na kushuka kadiri insulini inavyofanya kazi; wa hasira huinuka bila sababu inayoonekana, mara nyingi katikati ya asubuhi au jioni mbali na mlo. Wasiwasi wa muda mrefu una sura ya tatu, nayo ndiyo ngumu kuitambua: hakuna kilele cha kuonyesha kidole, bali mstari mzima husogea juu kidogo, hata usiku, na dozi iliyokuwa ikitosha wiki iliyopita haitoshi tena. Mtu anayepima kidole mara mbili kwa siku angeuona mstari huo kama namba mbaya zilizotawanyika. Akiuona kama mchoro wa wiki nzima, hasa akiuweka kando ya wiki tulivu, ni vigumu kuukana.

Lakini asitarajie kuona mpando kila anapoudhika, na hapa wapo wanaokata tamaa mapema. Miili haiitikii sawasawa. Miongoni mwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, wapo ambao sukari yao hupanda wakiwa na mfadhaiko, wapo ambao haibadiliki, na wapo ambao hushuka. Utafiti mmoja wa Uswisi uliochapishwa mwaka 2005 uliwaweka watu wa aina hiyo katika jaribio la kuzungumza mbele ya wasikilizaji. Wale waliofanya jaribio wakiwa wamefunga hawakuonyesha tofauti ya maana, ilhali kwa wale waliolifanya baada ya kula, sukari ilichelewa kushuka. Matokeo hayo yanaeleza kitu ambacho watumiaji wa kihisi hukiona na kushindwa kukielewa, yaani kwamba mabishano yaleyale, na mtu yuleyule, yanaweza kupita bila alama saa ya njaa na yakaacha kilima kirefu yakifanyika mezani. Anayetaka kukijaribu kifaa kwa haki aanze hapo, kwa kuangalia saa mbili au tatu baada ya mlo, si kwa kusubiri mshale uruke kila anapopaza sauti.

Kuna sehemu moja ambapo kihisi kimenishangaza kwa uzuri, nayo si kupanda kwa sukari bali kushuka. Ubongo hutegemea glukosi kwa kazi yake ya kila wakati, na sukari ikishuka chini ya kiwango, mwili hupiga mbiu kwa homoni zilezile za hofu: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Pamoja na hayo huja ukali, ukaidi, machozi yasiyo na sababu, au uchungu juu ya neno dogo ambalo siku nyingine lingepita. Jamaa wa nyumbani huona hasira za mkizi na kuzihesabu kama tabia. Mgonjwa mwenyewe, akishatulia, hujilaumu kwa ajili ya hulka ambayo pengine si yake. Mchoro unapoonyesha kwamba sukari ilikuwa 3.2 milimoli kwa lita, yaani chini ya kiwango, wakati maneno makali yalipotoka, kesi hubadilika. Sikusudii kusema kwamba kila hasira ni ya sukari. Sukari ya juu nayo huleta uchovu na kukereka, na watu wengine ni wakali tu. Lakini swali la ni kipi kilichotangulia, hisia au sukari, lilikuwa halina jibu zamani, na sasa mara nyingi linalo, kwa sababu mchoro una saa. Kwa familia zilizozoea kugombana jioni kabla ya chakula, manufaa haya peke yake yanaweza kukihalalisha kifaa.

Hata hapo, hata hivyo, saa za mchoro zisomwe kwa uangalifu. Majimaji ya chini ya ngozi huchelewa nyuma ya damu, kwa kawaida kwa dakika kama 5 hadi 15, na ucheleweshaji huo huonekana zaidi wakati sukari inakimbia, yaani wakati uleule tunaotaka kuuchunguza. Mpando ulioanza kwenye skrini saa nne na robo unaweza kuwa umeanza kwenye damu saa nne kamili. Usiku, mtu akiulalia mkono wenye kihisi, mgandamizo huweza kutoa namba za chini za uongo, na kengele ikamwamsha kwa hatari ambayo haipo. Baadhi ya vihisi hudanganywa na paracetamol, vingine na vitamini C ya dozi kubwa. Kijikaratasi cha kifaa husema ni kipi, na kinastahili kusomwa. Kanuni inayofaa ni kwamba namba ikipingana na jinsi mtu anavyojisikia, kidole kiamue.

Kasoro kubwa zaidi ni ya aina nyingine. Kihisi kinaona kwamba sukari imepanda, lakini hakina njia ya kujua kwa nini, na nafasi hiyo tupu hujazwa na mtumiaji. Homoni za alfajiri hupandisha sukari kabla ya mtu kuamka. Usingizi mbovu hupunguza uwezo wa mwili kuitikia insulini, na maambukizi, maumivu ya jino, dawa za steroidi, mazoezi makali ya muda mfupi na hata uzi wa kihisi uliokaa vibaya vinaweza kuchora kilima kinachofanana kabisa na kilima cha hasira. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba mkuu wake wa kazi ndiye anayempandishia sukari atauona ushahidi kila Jumatatu, ingawa Jumatatu hiyohiyo ndiyo siku anayolala kidogo na kutembea kidogo. Siioni njia ya kuondoa tatizo hili kwa teknolojia. Linapunguzwa na nidhamu ya kuandika, na ndiyo maana nilitumaini sana sehemu ya programu iliyowekwa kwa ajili ya kumbukumbu.

Sehemu hiyo imenivunja moyo. Mlo una nafasi yake, insulini ina nafasi yake, mazoezi yana alama yake nzuri. Hisia, pale zilipokumbukwa kabisa, zimepewa vikatuni vichache vya nyuso, kuanzia anayecheka hadi anayelia. Uso uliokunja ndita hausemi kama mtu ameogopa, amekasirika, ameaibika au amechoka, na hizi ni hali ambazo mwili unaweza kuzitendea kwa namna tofauti. Hauonyeshi kama hisia ilipita kwa dakika kumi au imekaa tangu mwezi uliopita. Baya zaidi, ili kuandika ni lazima kufungua programu, na kitu cha kwanza kinachotokea ni namba. Mtu akishaiona namba ya juu, humkumbuka mara moja aliyemuudhi. Akiona namba nzuri, husahau kwamba alikuwa na hofu. Kwa hiyo kumbukumbu yenyewe inakuwa imepakwa rangi na kipimo kilichotakiwa kupimwa nayo.

Njia ninayoipendekeza ni ya kizamani: daftari dogo, au sehemu ya kuandika kwenye simu iliyo mbali na programu ya kihisi, ambamo mtu huandika saa, jina la hisia kwa neno moja au mawili, na nguvu yake kwa namba kuanzia moja hadi kumi, kabla ya kuangalia sukari. Aongeze alilala vipi na kama anaumwa. Mwisho wa wiki ndipo daftari na mchoro vikutanishwe. Kazi hii inachosha, nakiri, na wengi hawataifanya zaidi ya majuma machache; lakini majuma machache ya aina hii yana maelezo mengi kuliko mwaka mzima wa vikatuni. Daktari naye hufaidika, kwa kuwa ripoti inayotolewa na programu nyingi kwa ajili ya kliniki humwonyesha wastani, mabadiliko na asilimia, na kumwacha bila fununu yoyote juu ya maisha yaliyokuwa nyuma yake.

Kuhusu hulka, yaani zile tabia za kudumu ambazo mtu huzibeba kutoka siku moja hadi nyingine, kihisi hakipimi chochote, lakini hulka ndiyo inayoamua kama kitamfaa aliyekivaa. Wanasaikolojia huzungumzia tabia tano kuu, na kati ya hizo, ile ya bidii na utaratibu ndiyo ambayo mara nyingi huenda pamoja na kujitunza vizuri: dawa kwa wakati, vipimo bila kuruka, miadi bila kusahau. Hilo halishangazi. Linaloshangaza ni matokeo ya utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 juu ya watu wenye kisukari cha aina ya pili, ambao ulikuta kwamba wale wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa wasiwasi na hisia hasi walikuwa na wastani wa sukari ulio chini, si ulio juu. Mtu angetarajia kinyume. Tafsiri inayoniingia akilini ni kwamba mwenye wasiwasi wa kiasi huogopa madhara na hivyo hujichunga, wakati mtulivu kupita kiasi huahirisha. Lakini wasiwasi unaochanganyika na kujificha, wa mtu anayeteseka moyoni na hathubutu kumwambia mwingine, ni habari tofauti. Mwanasaikolojia Johan Denollet aliipa hulka hiyo jina la aina D, na miongoni mwa wenye kisukari imehusishwa na kutofuata dawa na kuchelewa kutafuta msaada.

Sasa mpe kihisi mtu wa kila hulka uone. Mwahirishaji aliye mtulivu hufaidika kuliko wote, kwa sababu kifaa kinamwondolea kisingizio cha kutojua. Mwenye utaratibu hufaidika pia, mradi asianze kutafuta ukamilifu. Mwenye wasiwasi ndiye ninayemhofia, na ni hapa ambapo kifaa chenyewe huingia ndani ya jambo kinalolipima. Skrini hupaka kijani na nyekundu. Mwaka 2019 wataalamu wa kimataifa walikubaliana kwamba kwa watu wazima wengi lengo ni sukari kukaa kati ya 3.9 na 10.0 milimoli kwa lita, sawa na 70 hadi 180 miligramu kwa desilita, kwa zaidi ya asilimia 70 ya muda. Lengo hilo ni la busara, tena linakubali wazi kwamba karibu theluthi ya muda inaweza kuwa nje. Lakini programu huitoa asilimia hiyo kila siku, kwa herufi kubwa, na mtu aliyelelewa na shule huisoma kama alama za mtihani. Asilimia 64 inakuwa kufeli. Kufeli huleta aibu, aibu ni mfadhaiko, na mfadhaiko tumekwisha kueleza unachofanya. Nimeona kwenye mchoro wangu mshale wa kupanda ukifuatwa na hasira juu ya mshale, na sijui hata kama kuna chombo kingine cha tiba kinachoweza kumpandishia mtu kile kinachokipima.

Kengele zinazidisha. Kengele ya sukari ya chini ni ya kuokoa maisha na isizimwe. Katika vifaa vingi, ile ya kiwango cha hatari haizimiki kabisa, na ndivyo inavyofaa. Ya sukari ya juu ni suala jingine. Viwandani mara nyingi huwekwa kwa kiwango ambacho mlo wa kawaida hukivuka, kwa hiyo hulia mchana, hulia mkutanoni, hulia usiku wa manane, na mwisho mtu huanza kuipuuza au kuichukia. Aliye na wasiwasi azungumze na mtoa huduma wake juu ya kuipandisha au kuichelewesha. Vilevile afikiri vizuri kabla ya kuwapa jamaa ruhusa ya kuiona sukari yake kwenye simu zao. Kwa mtoto mdogo, au kwa mtu ambaye hahisi dalili za sukari kushuka, ruhusa hiyo ni baraka. Kwa mtu mzima mwenye akili timamu, inaweza kuleta ujumbe wa "umekula nini tena?" dakika mbili baada ya mshale kuinuka, na ujumbe huo haujawahi kumshushia mtu sukari.

Uchovu wa kuishi na kisukari una kipimo chake, na ningependa kila kliniki inayogawa vihisi ikitumie kwanza. Dodoso lijulikanalo kama PAID, lililotolewa mwaka 1995 na William Polonsky na wenzake, lina maswali 20 juu ya hofu, hatia, upweke na kuelemewa kunakoletwa na ugonjwa huu. Alama hutolewa kati ya 0 na 100, na kuanzia 40 huchukuliwa kuwa ni dalili ya mzigo mzito. Mzigo huo si sawa na sonona, ingawa sonona nayo huwapata wenye kisukari karibu mara mbili ya wasio nacho. Mtu mwenye alama za juu hahitaji michoro zaidi kabla ya kupata mtu wa kuzungumza naye. Kumpa kifaa kinachomwonyesha kushindwa kwake mara 288 kwa siku, kwa maana ndiyo idadi ya vipimo vya kila dakika tano, ni kumwongezea mzigo kwa nia njema.

Je, kujua kunasaidia kushusha? Kwa kiasi, ndiyo, lakini si kihisi kinachofanya kazi hiyo. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke waliripoti kwamba watu wenye kisukari cha aina ya pili waliofundishwa mbinu za kutuliza mfadhaiko walikuwa na HbA1c, yaani kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, iliyo chini kwa takriban nusu ya asilimia moja baada ya mwaka, wakilinganishwa na wenzao waliopata elimu ya kisukari pekee. Nusu asilimia si muujiza, ila si kidogo. Zipo dawa zinazotoa matokeo yasiyoizidi sana. Kihisi hakifundishi mbinu hizo. Kinachoweza kufanya ni kumwonyesha mtu matokeo yake mwenyewe, na hapo kina nguvu kuliko mahubiri: anayetembea taratibu baada ya mabishano badala ya kukaa na kuyarudia kichwani huweza kuona mstari ukiinama mbele ya macho yake, ingawa misuli inayotumia sukari ina sehemu yake katika sifa hiyo pamoja na moyo uliotulia.

Hatari ni kwa sisi tunaotumia insulini. Mpando wa ghafla wa hasira hushawishi mtu ajidunge mara moja ili kuushusha, na akiona mshale haujageuka baada ya nusu saa, aongeze nyingine. Lakini adrenalini huisha haraka kuliko insulini, na aliyepandisha dozi juu ya dozi huweza kujikuta, saa mbili baadaye, na sukari ya chini, jasho na hasira nyingine ambayo sasa ni ya sukari kweli. Mpango wa nini kifanyike katika mpando usio wa chakula uwekwe pamoja na daktari mapema, siku ya utulivu, na maandishi ya mtengenezaji wa kifaa yangepaswa kulisema hili kwa herufi kubwa kuliko yanavyofanya.

Kwa hiyo ninakipendekeza kwa anayetumia insulini, kwa anayeshuka bila kuhisi, na kwa yeyote ambaye yeye na watu wake wameshindwa kujua kama ukali wake ni tabia au ni sukari. Kwa mwenye kisukari cha aina ya pili asiyetumia insulini, ningesema avae vihisi viwili au vitatu mfululizo akiwa na daftari, ajifunze umbo la siku zake, kisha avue na aendelee na kipimo cha kawaida hadi atakapokuwa na swali jipya. Kwa aliyeelemewa, bado.

Watengenezaji nao wana kazi rahisi ya kufanya kabla ya kutangaza kwamba kifaa chao kinaelewa maisha ya mgonjwa. Waweke kitufe cha kuandika hisia kinachofunguka bila kuonyesha namba, wakubali maneno ya mtumiaji mwenyewe badala ya nyuso tano, wayachore maneno hayo juu ya mstari uleule wa sukari, na wayaache yafike kwenye ukurasa anaochapishiwa daktari. Na asilimia ya kila siku iwe ni kitu anachokifungua anayetaka, si salamu ya kwanza ya asubuhi.